Jino Lisinyooshwe

Gati lilifurika watu asubuhi ile utadhani meli zote za dunia zinaondoka saa nne. Wageni wa kila namna walisukumana na mabegi yao ya magurudumu, waongoza wageni walipunga vibendera na kuita majina hadi sauti zikawakauka, na jua la nchi ya watu liliwaka bila kumwonea mtu huruma. Kwenye foleni ya meli nyeupe ya ghorofa tatu alisimama dada mmoja aliyevaa gauni la njano, viatu vya kamba, na kofia pana aliyoinunua dakika kumi zilizopita na ambayo tayari alikuwa anaijutia. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia. Alikuja huko kwa mafunzo ya wiki tatu, na hizi ndizo siku zake mbili pekee za mapumziko.

Simu ilikuwa sikioni. Alizungumza na dada yake mkubwa kwa sauti ya mtu aliyekaa jikoni kwake.

"Ndiyo, dada, peke yangu. Tunazunguka visiwani, tunalala melini, kesho mchana tunarudi."

"Peke yako melini! Na shemeji yangu nimtafute wapi mimi, magazetini?"

"Shemeji yako hajazaliwa."

"Hebu angaza macho hapo ulipo. Hakuna hata mmoja?"

Basi, kwa kuwa alikuwa mbali na kwao na alijua hakuna wa kumwelewa, akampima mwanamume aliyesimama mbele yake, kuanzia kisogoni mpaka viatuni.

"Yupo mmoja hapa mbele yangu. Mrefu, mabega yapo. Lakini shati, dada! Maua makubwaaa, kama pazia la sebuleni. Na begi lake utadhani anahama na kabati. Ila kisogo kizuri, nisiseme uongo. Kisogo nakipa nane kwa kumi."

Kisogo kikageuka.

"Hizo mbili nimenyimwa kwa kosa gani?" akauliza yule mwanamume, kwa lugha ileile.

Jamani! Simu nusura imponyoke. Dada yake alikuwa anapiga kelele upande wa pili, "Nani huyo? Nani huyo anaongea?" naye akakata bila hata kuaga.

"Kaka yangu, nisamehe. Sikujua kama..."

"Pazia la sebuleni," mwanamume akarudia polepole, akilitazama shati lake. "Hili nimenunuliwa na mama yangu mzazi. Siku nikimwambia, utakuja wewe kumbembeleza."

Kisha akacheka. Alicheka kwa kinywa chote, kichwa nyuma, na hapo aibu yote ikamtoka yule dada, mahali pake pakaingia kitu kingine kabisa. Jino la juu, la pili kutoka katikati upande wa kushoto, lilikuwa limegeuka kidogo, kama mtu anayejisogeza ili mwenzake apite. Na karibu na ncha yake palikuwa na doa jeupe, dogo kuliko punje ya chumvi.

Alilijua lile jino. Alilijua kama mama anavyomtambua mwanawe katikati ya watoto mia wenye sare moja. Ni yeye aliyelitengeneza.

Miaka mitatu ilikuwa imepita. Maabara yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani: mafundi wanne, matanuri mawili, na vumbi la plasta kila mahali, hata kwenye chai. Mafundi wale hawakuwaona wagonjwa. Madaktari walileta boksi lenye umbo la kinywa lililomwagwa kwa plasta, na fomu yenye namba badala ya jina. Chini ya fomu palikuwa na nafasi ya "maelekezo mengine", ambapo daktari huandika "haraka" na basi. Lakini siku ile fomu moja ilikuja na kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini, mwandiko si wa daktari: *Jino langu la zamani lilikuwa limepinda kidogo. Naomba hili jipya lisinyooshwe. Kuna mtu analipenda hivyo.*

"Lisinyooshwe!" alisema mwenzake wa meza ya pili, mama wa makamo waliyemwita Mama Plasta. "Watu wanalia usiku na mchana wanyooshewe meno, huyu anataka la kupinda. Huyo apelekwe kwa daktari wa kichwa."

Fundi hakucheka. Wiki ileile alikuwa ameachana na mwanamume ambaye kwa miaka minne hakuchoka kumrekebisha: unacheka kwa sauti, unatembea mbiombio, mikono yako inanuka plasta. Akakisoma kile kikaratasi mpaka akakijua kwa moyo. Jino ambalo lingemchukua siku moja akalifanya kwa siku tatu, na lile doa jeupe alilitia mwenyewe bila kuagizwa, kwa kuwa aliliona kwenye picha ya jino la jirani iliyokuja ndani ya boksi. Kikaratasi akakiweka chini ya kioo cha meza yake, na kikabaki hapo. Kila alipopumzisha macho, yalitua juu yake. Hakumwonea wivu yule mwanamke asiyemjua. Alitamani tu, siku moja kabla hajazeeka, na yeye awe mtu wa mtu.

Na sasa mwenye jino alikuwa anambebea begi.

"Kazi yako ni nini, mpima visogo?" akamuuliza walipokuwa wanapanda ngazi ya meli.

"Mimi ni fundi."

"Hata mimi fundi! Fundi lifti. Nimeletwa huku kusomeshwa lifti za aina mpya. Maisha yangu yote ni kupanda na kushuka. Wewe fundi wa nini?"

"Meno bandia."

Mwanamume akafumba mdomo upesi, akaugusa kwa kidole, kisha akajifanya anakuna shavu. Fundi aliona, akanyamaza. Siri za wagonjwa hazisemwi, hilo alilijua. Lakini kweli yenyewe ni kwamba hakutaka kusema, maana angesema, ingebidi asikie habari za yule "mtu".

Mwongoza wageni, kusikia wawili hawa wanaongea lugha moja, aliona Mungu amempunguzia kazi. Akawaandika meza moja, akawapa mtumbwi mmoja wa plastiki wa kupiga makasia.

Visiwa vilianza kujitokeza baada ya saa moja. Kwanza kimoja, halafu kumi, halafu ukashindwa kuhesabu: vilima vya mawe vilivyosimama majini, vimevimba juu kama mikate iliyoumuka, vichaka vimejishikiza kwenye nyufa. Maji yalikuwa ya kijani na yametulia. Wageni walipiga picha mpaka simu zikapata moto. Fundi lifti hakupiga hata moja. Aliegemea ukingo wa meli, upepo umelijaza shati lake, akauliza swali baada ya swali, na kila akipewa jibu alicheka, na kila akicheka fundi meno aligeuka kutazama visiwa kwa nguvu zaidi.

"Mbona unaniangalia mdomoni kisha unakimbia?"

"Nani kakuangalia mdomoni?"

"Wewe. Mara sita. Au nina mchicha?"

"Huna mchicha. Una maneno mengi."

Alasiri waliteremshwa kwenye mitumbwi. Yeye mbele, mwanamume nyuma, na kwa dakika kumi nzima walizunguka palepale kama kuku aliyefungwa mguu.

"Fundi, unatupeleka ukutani."

"Usukani uko kwako nyuma!"

"Usukani uko kwangu, lakini nguvu zote ziko kwako. Taratibu, mama. Huu mtumbwi haujakukosea."

Walipita chini ya mwamba, wakiinamisha vichwa, wakatokea ndani ya kidimbwi kilichozungukwa na kuta za mawe pande zote. Kelele za wenzao zikabaki nje. Mwanamume akaweka kasia mapajani.

"Unajua lifti ikikwama, mtu aliye ndani hufanya nini?" akasema. "Anabonyeza kitufe. Kisha anabonyeza tena. Kitufe kilekile, mara mia, na anajua kabisa hakifanyi kazi. Nilikuwa nawacheka watu hao. Halafu nami nikawa mmoja wao. Muda mrefu sana."

"Ulikwama kwenye lifti?"

"Si kwenye lifti."

Fundi meno hakumdadisi. Alikuwa anakisikiliza kimya kile na pumzi za mtu aliye nyuma yake, na moyo wake ulikuwa unataka kitu ambacho alijikanya kukitaja hata kwa siri. Alitaka wasitoke mle ndani.

Jioni meza zilipangwa sitaha ya juu. Alivaa gauni la bluu iliyokolea na hereni za dada yake, akapaka mafuta mikononi mara mbili kuondoa harufu ya plasta ambayo haikuwepo. Mwanamume alimsubiri ngazini kwa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Nimevua pazia," akasema. Kisha akamtazama vizuri, utani wote ukamtoka. "Umependeza, Fundi. Yaani, sijui niseme nini. Umependeza."

Jua lilikuwa limezama, visiwa vimebaki vyeusi, na taa za meli nyingine ziliwaka mbalimbali majini. Walikula polepole. Walicheka kuhusu kasia. Chai ilipoletwa, mwanamume aliizungusha bila kuinywa.

"Kesho nikifika gatini naenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Tukirudi nyumbani, naweza kukutafuta?"

Hapo ndipo alipopiga moyo konde. "Na huko nyumbani, hakuna mtu?"

"Hakuna mtu."

Alisema bila kupepesa. Neno lilelile, *mtu*, kwa kinywa kilekile, na jino lilelile likionekana alipolitamka. Fundi meno akasukuma kikombe chake kando.

"Hata mmoja?"

"Hakuna, Fundi. Kweli tena."

"Muongo."

"Nini?"

"Nimesema muongo. Hilo jino lako ulimpindia nani?"

Mwanamume akaachia kikombe. Mkono wake ukapanda mdomoni. "Nani amekuambia habari za jino langu?"

Lakini yeye alikuwa ameshasimama. "Miaka mitatu nimekuheshimu kuliko mwanamume yeyote, na hata sikuwa nakujua," akasema, akashuka ngazi.

Mwanamume alimfuata, akabisha mlangoni, hilo tusimnyime. "Fundi. Fungua nikueleze."

"Nina usingizi."

"Dakika mbili tu."

"Nimelala."

Alikaa kitandani na gauni lake la bluu, akilia kimyakimya. Alilia kwa kuwa mwanamume amedanganya. Akalia zaidi kwa kuwa huenda hakudanganya, maana kama hakudanganya, basi pendo lile alilolitazama kila siku chini ya kioo nalo lilikufa kama mapendo mengine, naye alikuwa amelishikilia kama kitu cha kudumu. Hakujua kipi kinauma zaidi.

Asubuhi alijibanza kwenye meza ya wazee wawili ambao hakuelewa hata neno lao moja, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Mchana meli ilifunga gati. Mwanamume alimsubiri na begi lake kubwa, tena ndani ya shati la maua.

"Nipe namba yako tu. Ukishanipa, nitukane unavyotaka."

"Kamwombe mtu wako."

Alitamka hivyo, na maneno yalipomtoka tu, alitamani kuyarudisha. Mwanamume aliinamisha kichwa, akapanda basi la uwanja wa ndege. Kupitia dirishani kikaonekana kisogo peke yake. Safari hii alikipa kumi kwa kumi, na hakuwa na wa kumwambia.

Aliporudi nyumbani, kazi ilikuwa ileile na vumbi lilelile. Wiki ya tatu, dada yake akampigia akiwa mezani.

"Hebu nieleze tena. Ushahidi wako ni karatasi?"

"Kaandika mwenyewe, dada. Kuna mtu analipenda."

"Lini?"

"Miaka mitatu iliyopita."

"Mdogo wangu, miaka mitatu iliyopita mimi nilikuwa na kiuno! Watu wanaachwa, wanaacha, wanafiwa. Ulimuuliza swali, akakujibu, ukaliamini jino. Sasa mtafute."

"Nitamtafutia wapi? Namba sina. Kampuni siijui."

"Si fundi lifti? Panda lifti!"

Dada yake alisema kwa mzaha, lakini mwenzetu akaufanya kweli. Yeye ambaye maisha yake yote alipanda ngazi, akaanza kuingia kila jengo lenye lifti: benki, hospitali, ofisi ambazo hakuwa na shida nazo. Ndani ya kila lifti hubandikwa kadi ya matengenezo, ambapo fundi huandika tarehe na sahihi yake. Alisimama mbele ya kadi hizo, picha ya kile kikaratasi kwenye simu yake, akilinganisha mwandiko, huku watu wakimuuliza anakwenda ghorofa ya ngapi. Alizisoma kadi ishirini na saba. Mwandiko haukuwa ule. Kila mara milango ilipofunguka alitoka akiwa mpweke kuliko alivyoingia.

Mwezi wa pili ulikuwa umeingia Mama Plasta alipomwekea boksi mezani.

"Oda yako. Daktari ameandika wewe na si mwingine."

Namba ile aliijua. Kikaratasi kilikuwa kimebanwa kwa pini.

*Kwa Fundi. Nilipokwambia hakuna mtu, nilisema kweli. Aliondoka wiki ileile jino lilipokuwa mezani kwako, wala hakuwahi kuliona. Nililiacha limepinda nikidhani akirudi atanikuta vilevile. Miaka miwili nilibonyeza kitufe kimoja. Niliacha zamani, kabla ya meli, ila jino nikalisahau mdomoni. Usiku ule nilielewa nani alilitengeneza. Daktari hakukubali kunipa jina lako, lakini amekubali kukuletea hili. Nimelitoa. Naomba jipya linyooshwe.*

Mama Plasta alikuwa amesoma kupitia begani. "Huyu mgonjwa wa kichwa," akasema, "kumbe amepona?"

Fundi alishika simu, akampigia mtu wa mapokezi wa daktari. "Rangi hailingani. Mgonjwa aje maabara mwenyewe nimpime rangi."

"Rangi si ipo kwenye faili?"

"Imebadilika."

"Rangi ya jino la kauri imebadilika?"

"Dada yangu, nakuomba. Mlete mgonjwa."

Alhamisi saa nne mlango ulifunguliwa. Alikuwa amevaa pazia la sebuleni, na mkono mmoja umeziba mdomo. Mafundi wengine walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli chumba cha tanuri. Mama Plasta peke yake hakukumbuka, akavutwa.

"Ondoa mkono," akasema fundi meno.

"Nina pengo."

"Miaka kumi na moja natazama mapengo. Ondoa."

"Mbele yako naona haya."

"Na mimi naona haya mbele yako. Nilikuita muongo. Nilikutafuta kwenye lifti ishirini na saba nikuombe radhi."

Mkono ulishuka wenyewe. "Ishirini na saba?"

"Ya hospitali inatoa sauti mbaya. Mwambieni mwenye zamu aiangalie."

Mwanamume alitaka kucheka, akajizuia. Akasogea mpaka kwenye meza, na hapo macho yake yakaangukia kioo. Chini yake kilikuwepo kile kikaratasi cha zamani, kingo zimegeuka njano. Alikisoma, akakisoma tena.

"Umekiweka," akasema taratibu. "Miaka yote hii."

"Nimekiweka."

"Basi kitupe, Fundi. Ninyooshee jino tuanze upya. Sitaki kucheka nawe nikiwa na kitu nilichomwekea mtu mwingine."

Fundi meno aliivuta fomu, akachukua kalamu. Alikuwa amelifikiria jambo hilo siku mbili, usiku kucha.

"Uliandika kwamba hakuwahi kuliona," akasema.

"Hakuliona."

"Basi ni nani aliyelitazama siku tatu, akalitia doa ambalo hakuna aliyeliagiza? Ni nani aliyelitambua gatini, katikati ya watu elfu? Halikuwa lake hata siku moja."

Akaandika kwenye nafasi ya chini, ya maelekezo mengine, kisha akaigeuza fomu ili asome. Mwanamume aliinama. Ilisema: *Lisinyooshwe. Kuna mtu analipenda hivi.*

Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yamelowa, na kinywa kilikuwa kimeanza kumtoroka kwa kicheko, pengo na vyote.

"Na huyo mtu," akauliza, "naweza kumwoa?"

"Kaa kitini," akasema fundi, akijifuta machozi kwa mkono wenye plasta. "Fungua mdomo kwanza nipime rangi."